Noti za Sanda

Marereni
9 Septemba 2019

Kwa shemeji yangu Jaafar,

Baada ya salamu, mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo yameshaniaga. Simu aliyoninunulia mjukuu wangu Lubna inatetemeka tu mezani kama mdudu aliyelala chali, nami siioni faida yake. Ndiyo maana nakuandikia.

Nakuletea bahasha kwa mkono wa Katana, dereva wa lori la chumvi. Ndani mna noti kumi na mbili za elfu, hizi za zamani. Huku wanasema serikali imezipa mpaka mwisho wa mwezi huu, na baada ya hapo ni karatasi za kufungia bajia.

Hizo si fedha za matumizi. Ni za sanda yangu, na karafuu maiti, na mawardi, na watakaonichimbia. Nimezipata kwa kusuka ukili, mkeka baada ya mkeka, miaka tisa. Alipokufa marehemu ndugu yako Mujahid, sanda yake ilinunuliwa kwa mchango, wewe ndiwe uliyepitisha kofia. Siku ile niliapa kwamba yangu itatoka kwenye vidole vyangu. Basi nenda benki uzibadilishe, unirudishie mpya. Usichanganye na zako. Zako sijui zimetoka wapi.

Jirani yangu Everlyne, mke wa Phineas wa mashamba ya chumvi, alitaka kunipelekea yeye. Nikamwambia nina mtu wangu mjini. Kwangu amefanya ya kutosha: kila adhana ikilia huja akanigongea mlango mpaka ukuta utetemeke niuhisi, kwa kuwa siisikii tena. Muadhini wangu siku hizi ni Mkamba wa kanisani.

Ni mimi,
Harusi, mjane wa Mujahid


Malindi
12 Septemba 2019

Shikamoo shemeji,

Bahasha imefika. Umeishona kama unafunga mzigo wa Hija, imebidi nitumie kisu changu cha kuchongea mihuri kuipasua.

Usiwe na wasiwasi. Benki iko hatua mia kutoka kibanda changu. Mimi nimewachongea mihuri machifu watatu, makanisa saba, na timu moja ya mpira iliyovunjika wino haujakauka. Nimeishia darasa la nne lakini nasoma herufi kinyume kuliko wenye digrii wanavyozisoma sawa. Sitashindwa na karani mwenye tai.

Nina ombi moja tu: usife kabla ya tarehe thelathini. Nitaonekana mzembe.

Mtumwa wako asiyelipwa,
Jaafar


Malindi
1 Oktoba 2019

Zayd yakhe,

Nimefanya jambo, na nakuandikia wewe kwa sababu uko Lamu, mkono wako haunifikii.

Mjane wa ndugu yangu alinipa noti zake za sanda nimbadilishie. Sasa sikiliza. Foleni ya benki mwezi huu ilikuwa kama ya nyama ya Idi, nami nikagundua biashara. Unapanga alfajiri, ikifika saa nne anakuja mtu mwenye haraka, anakutia mia tano mkononi, unamwachia nafasi yako. Nimeuza nafasi mara sita, Zayd. Na kila mara nilijiambia, kesho nitapanga kwa ajili ya Harusi. Jana ndiyo ilikuwa kesho ya mwisho. Nikauza ya saa tano kwa mia nane, nikapanga tena nyuma, na mlinzi akafunga mlango wamebaki watu tisa mbele yangu.

Unamkumbuka yule baharia aliyetuonyesha noti ya nchi nyingine, ya siku walipobadilisha fedha yao? Mpya zilikuwa hazijatosha, wakazipiga za zamani chapa juu, zikatumika hivyo hivyo mpaka mpya zikaja. Basi leo nimekaa nikachonga. Juu: YAKUBALIWA KWA MUDA. Chini: HADI TANGAZO LIJALO. Katikati nimetia nyota, maana bila nyota haiwi serikali. Wino mwekundu. Wallahi ni muhuri mzuri kuliko wote niliopata kuchonga maishani.

Nitamrudishia noti zake nimwambie benki iliishiwa, imezipiga chapa, azitunze mpaka watakapoita. Atulie. Kisha nitatafuta elfu kumi na mbili polepole, nizibadilishe kimyakimya. Ile noti ya mwisho nilikuwa nikicheka peke yangu, mkono ukaenda kombo, muhuri ukakaa kichwa chini. Si neno. Ni moja tu.

Jaafar


Lamu
11 Oktoba 2019

Jaafar,

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye ile nyota, kisha nikaacha. Mkeo aliyekuacha ungeweza kumfanyia hivyo, hata mimi ungeweza. Mwanamke anayeweka sanda yake hafanyiwi.

Nimetia elfu mbili humu, noti mpya. Ni za kuanzia. Tafuta zilizobaki, umpelekee, na umwambie kwa mdomo wako. Usingoje zitimie ndipo umwambie. Mwambie kwanza.

Zayd


Marereni
20 Januari 2020

Kwa shemeji Jaafar,

Nilikushukuru kwa kunihangaikia benki, na bado nakushukuru. Nina jambo linanikereketa.

Wiki iliyopita nilishikwa na homa nikataka dawa. Sikuwa na kitu nyumbani. Nikasema nitatoa noti moja katika zile za chapa, kisha niirudishe nikiuza mkeka. Nikaitoa bila kuitazama, imekunjwa vilevile ulivyozileta, nikampa Everlyne aende dukani. Akarudi na noti mkononi, uso umemshuka. Akaniandikia kwenye kijidaftari chetu: Mama, wanasema hii ni feki, muhuri si wa benki.

Nikaifungua. Muhuri umekaa juu chini. Nikazitoa kumi na moja zilizobaki sandukuni nikazipanga mkekani. Zote zimesimama sawa. Ni hii moja tu iliyopinduka.

Shemeji, nimekaa na huyu mwanamke ukuta kwa ukuta miaka minne. Nimekula kwake, amekula kwangu. Lakini nimejiuliza: kama amechukua yangu, akatafuta noti ya zamani ya bure, akaigongea chapa ya kuiga, si ndivyo ingekuwa? Mwigaji hukosea. Benki haikosei.

Wewe mihuri ndiyo kazi yako, na siku ile ulikuwepo. Niambie kweli. Je, benki ilipiga yoyote ikapinduka?

Harusi


Malindi
24 Januari 2020

Shikamoo shemeji,

Pole na homa. Kunywa mchaichai na uache kunifikiria, ndicho kinachokupandisha joto.

Kuhusu muhuri. Benki wana mashine, shemeji. Mashine haicheki, haipigi chafya, haigeuki kumtazama mwanamke anayepita. Muhuri wa benki haupinduki. Mimi sisemi kitu juu ya jirani yako, simjui. Nasema tu kwamba hao waliotoka bara hawakuja huku kuhesabu mawimbi.

Hizo kumi na moja zitunze. Wataita.

Jaafar


Marereni
16 Februari 2020

Shemeji,

Kwa jibu lako nimekwenda kwa mzee wa mtaa, Ngumbao. Aliitisha kikao Jumamosi ya wiki iliyopita, uwanjani kwake, watu wengi. Nilisimama nikaeleza, na barua yako ikasomwa ile sehemu ya mashine. Watu wakatikisa vichwa.

Everlyne aliapa kwa Biblia. Phineas alitaka kutoa elfu moja yaishe, akaitoa mfukoni kabisa. Mkewe akamshika mkono. Mimi sikusikia alilosema, lakini Ngumbao aliniandikia: Anasema, tukilipa tumekubali.

Nyumba tatu alizokuwa akifulia nguo zimemwambia asirudi. Yeye na mumewe wamehama kwetu, wamepanga chumba ng'ambo ya barabara. Sikutaka yafike hapo. Lakini haki ni haki, si ndiyo?

Siku hizi naswali kwa kutazama kivuli cha nguzo. Kukiwa na mawingu, nakisia.

Harusi


Marereni
2 Juni 2025

Kwa shemeji yangu Jaafar,

Assalamu alaykum. Hatujaandikiana tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Nimeanguka kisimani nimevunja nyonga. Lubna amenipatia nafasi Kilifi, watanipasua Jumatatu, watie chuma. Umri wangu unaujua, ingawa kila mwaka unaniongezea mitano kwa ufidhuli.

Natakana radhi na watu kabla sijalala kwenye kitanda hicho, kama ilivyo ada. Nimeshawapitia wa hapa. Wewe nakuandikia.

Shemeji, niwie radhi. Nilikudhania vibaya. Mwaka ule wa noti, kabla sijamshuku Everlyne, nilikushuku wewe. Siku mbili nzima. Nikasema, huyu ni mchonga mihuri, na ni mtu wa mzaha, na noti zimepita mikononi mwake. Kisha nikajikemea. Nikasema ndugu wa Mujahid, aliyepitisha kofia kwa ajili ya sanda ya ndugu yake, hawezi kuchezea sanda yangu. Lakini niliwaza, na kuwaza ni dhambi, na sikuwahi kukuambia. Nisamehe.

Lililobaki ni Everlyne. Miaka mitano nimemwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe, na moyo haujaja. Namwona akivuka barabara na beseni kichwani, nageuza uso. Niombee katika hilo.

Zile kumi na moja bado ziko sandukuni. Kila nikikuuliza unasema benki haijaita. Nimemwambia Lubna, likinifika la kunifika, azilete kwako uende naye benki, waeleze ni za maiti. Hawatakataa.

Nakutaka radhi ya dunia na akhera.

Harusi


Malindi
4 Juni 2025

Bi Harusi,

Leo sikuanza na shikamoo kwa sababu sijui kama utaipokea ukifika mwisho wa barua hii. Nimempa Katana mia mbili akufikishie kabla hujaondoka, na nimemwapisha asiifungue, ingawa hajui kusoma.

Unaona, nimeanza mzaha. Nimechana karatasi nne tangu asubuhi, kila moja ina mzaha juu kabisa kama inzi kwenye maziwa. Hii nitaiacha hivyo hivyo, nisije nikakosa ya kutuma.

Ile dhana yako ya siku mbili ilikuwa kweli. Hukukosea hata herufi. Ulichojikemea ndicho kilichokuwa.

Benki haikuishiwa noti. Mimi sikuingia benki. Mwezi mzima nilikuwa nikiuza nafasi yangu ya foleni kwa watu wenye haraka, na siku ya mwisho niliiuza pia, nikafungiwa mlango. Mia nane nilipata siku hiyo. Nikanunua pweza wa nazi, nikala. Muhuri niliuchonga mimi. Ile nyota ni yangu. Noti zako zote kumi na mbili zilikufa siku ile, na hizo kumi na moja za sandukuni ni karatasi tangu mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Hakuna benki itakayoita.

Na ile moja iliyopinduka niliipindua mimi, kwa kuwa nilikuwa nacheka.

Nilitaka kukurudishia. Hayo husemwa na kila mwizi, nami nasema. Zayd, Mungu amrehemu, alinitumia elfu mbili za kuanzia na akaniambia nikuambie kwanza. Hizo elfu mbili nilizila. Kila nikikutana naye aliniuliza, umemwambia? Nami nikisema, nimemwambia, amecheka sana. Alikufa akiamini kwamba ulicheka.

Lakini hayo yote, shemeji, ningeweza kuyabeba. Mzee mjinga amefanya ujinga. Lile lisilobebeka ni barua yangu ya Januari. Uliniuliza swali moja, kwa herufi zako nzuri: je, benki ilipiga yoyote ikapinduka? Nilikaa na swali lile siku nzima. Nilijua kabisa jibu langu litamwangukia nani. Nikaandika mashine haicheki, nikaipenda ile sentensi, nikaisoma mara tatu jinsi ilivyokaa vizuri. Nikaongeza na ya watu wa bara. Mwanamke nisiyemjua hata uso, aliyekuwa akikugongea mlango kwa sala ambazo si zake, nikamvisha wizi wangu kwa sababu muhuri wangu ulitoka vizuri na sikutaka kuuaibisha.

Halafu leo waniomba radhi wewe. Nilipofika hapo nilitoka kibandani nikasimama barabarani, tuktuk moja ikanipigia honi, sikusogea.

Radhi yangu unayo, kama ina thamani yoyote. Yako siiombi kwa ujasiri. Naiomba tu.

Jaafar bin Fumo


Kilifi
19 Juni 2025

Jaafar,

Wamenipasua na nimeamka. Anayeandika ni mimi, si Lubna, usitafute mtu wa kumlaumu kwa maneno haya.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikitumaini nimeisoma vibaya.

Noti si hoja. Zilikuwa karatasi zangu, nilizikunja, nilizipenda, basi. Vidole bado ninavyo. Lubna ameniletea ukili hapa wodini, na wauguzi wanagombana nani atanunua mkeka wa kwanza. Hela yako usilete. Nikiiona bahasha yako nitaichoma.

Mimi nakuambia linalonikosesha usingizi kuliko hii nyonga. Nimemwomba Mungu miaka mitano anisaidie kumsamehe mtu ambaye hakunikosea. Unaelewa hilo? Nilipanda mkekani kila siku, nikainua mikono, nikajiona mtu mwema ninayepambana na moyo mgumu. Na kule ng'ambo ya barabara yeye ndiye alikuwa na cha kusamehe. Hilo umenifanyia wewe, na nusu nimejifanyia mwenyewe, maana ulinipa uwongo nami nikaupokea haraka kwa kuwa alikuwa mtu wa mbali.

Radhi yangu usiniombe sasa. Mlango wa kwanza ni wa Everlyne. Uingie wewe mbele, kisha nitaingia mimi nyuma yako, na magongo yangu.

Harusi


Marereni
27 Juni 2025

Mzee Jaafar,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako Katana alinifikishia Jumapili nikitoka kanisani. Nimeisoma na bwanangu Phineas pia ameisoma.

Unaandika vizuri. Kuna mahali karibu nicheke, na hapo ndipo nilikasirika zaidi.

Umeomba msamaha, na umesema nikitaka niwaonyeshe watu barua. Mzee, fikiria. Mimi hapa Marereni ndiye mwanamke anayejulikana kwa kughushi. Nikitoa karatasi yenye kusema sikughushi, watasema nimeandika mwenyewe.

Tena mimi sikuitwa mwizi kwa barua. Niliitwa kwa mdomo, uwanjani kwa mzee Ngumbao, siku ya Jumamosi, watu wamekaa kwa viti. Nilikuwa na mimba ya miezi saba na hakuna aliyenipa kiti. Dada yangu Trizah alikuwa ametoka Kitui kunisaidia kujifungua, akasikia yote. Nyumba nilizokuwa nafulia mpaka leo hawajanirudisha.

Kwa hivyo uje. Mwambie Ngumbao aite watu walewale, Jumamosi, na useme kwa mdomo. Usilete pesa. Usilete mzaha, hata mmoja.

Mama Harusi nimeskia alipasuliwa. Siko tayari kumwona. Lakini uniambie kama mguu unakanyaga chini vizuri ama bado.

Everlyne


Malindi
6 Julai 2025

Bi Harusi,

Nimerudi leo asubuhi kwa lori la Katana, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na kila kidonda nilichonacho kimeniambia kipo.

Ngumbao aliita watu. Hakuwa na haja ya kuita sana, habari ilishawafikia kwamba kuna mzee wa mjini anakuja kusema neno juu ya kesi ya zamani. Alikuwepo yule mwenye duka. Walikuwepo wanawake wa zile nyumba tatu, wamekaa pamoja, wamejifunika leso mpaka kidevuni. Phineas alikuja na nguo za kazini, miguu myeupe kwa chumvi mpaka magotini. Mwanamke mwenye gauni la kanisani alisimama kando ya ua. Viti vilikuwepo. Nilijua ndiye.

Sikujua kwamba ni mfupi. Nilikuwa nimemfanya mrefu kichwani mwangu, sijui kwa nini.

Nilibeba muhuri. Nimekaa nao miaka yote hiyo, sikuwahi kuutupa, na hilo nalo nililisema. Nikaugonga kwenye karatasi ukiwa sawa, kisha nikaugonga umepinduka, karatasi ikapita mkono kwa mkono. Mwenye duka aliitazama sana. Kisha nikampa Ngumbao ule muhuri akauweka jiweni akaupasua kwa nyundo, bila ya kuniuliza, na nilihisi kama mtu amening'oa jino.

Shemeji, wewe wanijua. Tangu nikiwa mtoto, nikisimama mbele ya watu watatu, mmoja lazima acheke. Mazishini nimechekesha. Mbele ya kadhi, siku mke wangu ananidai talaka, kadhi mwenyewe alifuta machozi kwa kucheka, na talaka nikapewa kwa furaha. Ni kitu pekee ninachokiweza kuliko kuchonga. Nilikuwa nimeahidi kutoleta mzaha, na sikuleta, lakini habari yenyewe, ukiisema ilivyo, ina mahali pa kucheka. Mzee anauza nafasi ya foleni. Mzee anachonga serikali yake kibandani. Nilipofika mahali hapo, ulimi wangu ulingoja wenyewe, kwa mazoea, kuwapa watu nafasi.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia tu kuku anaparua majani nyuma ya nyumba.

Nikaendelea mpaka pa barua ya Januari. Nikaitamka ile sentensi ya mashine, na ile ya watu wa bara, maneno yaleyale, maana wao waliwahi kuisikia ya kwanza ikisomwa pale pale. Mmoja wa wale wanawake watatu aliinuka akaondoka. Sijui kama alikwenda kulia au alikwenda kutazama chungu chake jikoni.

Ngumbao akauliza kama jambo hili apeleke polisi, kwa kuwa ni fedha ya serikali. Nikasema apeleke, nitakwenda kwa miguu yangu. Everlyne akasema hapana, liishie hapo lilipoanzia.

Nikamgeukia nikamwambia, nimekukosea, nisamehe. Alitazama nyuma yangu, kwenye lango, ambako watu walikuwa bado wanaingia, wafanyakazi wa chumvi waliokuwa wametoka zamu. Wakatafuta pa kukaa, wengine wakaketi chini.

Akaniambia, rudia mzee, hawa hawakusikia.

Nikarudia tangu mwanzo.

Jaafar